Majina Matatu ya Chaneli ya Mjomba

Siku hizi kila mwenye simu na kipaza sauti cha kubana kwenye kola ana televisheni yake, na ukimuuliza inaitwaje atakutajia jina la Kiingereza ambalo yeye mwenyewe halitamki sawasawa. Mwaka ukiisha kalibadilisha, na rangi kabadilisha, anasema amekuja kivingine. Mimi nawatazama nacheka. Sisi pale Temeke tulikuwa na chaneli ya kweli, ya waya, iliyopita juu ya mabati ya watu kutoka nyumba hadi nyumba, na hayo mambo ya kubadilisha jina tuliyafanya mpaka yakatutokea puani.

Chaneli ilikuwa ya mjomba wangu, kaka yake mama. Ukoo wetu ni wa Waarabu wa zamani, wale waliokuja na tende wakabaki na sufuria: babu aliuza vyombo, mjomba akarithi duka la vyombo, na nyuma ya duka, stoo ilipokuwa, akafungua studio. Alianza kama wenzake wote wa kebo. Dishi kubwa juu ya paa, waya kwa wateja, mpira wa Ulaya, tamthilia za kulia. Lakini chaneli namba moja kwenye rimoti aliiweka yake mwenyewe. Kila jioni baada ya magharibi alikaa mbele ya pazia la kijani, kanzu imenyooka, akasoma matangazo ya mtaa: maji yatakatika, mbuzi kapotea, fulani anaoa, fulani kafariki na mazishi ni saa kumi.

Kamera nilishika mimi, na matangazo niliandika mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, mdomo ninao. Mjomba alisema bora niutumie mdomo huo kwenye biashara ya ukoo kuliko kuupoteza barazani.

Mtu asikudanganye kwamba wateja walifuata mpira. Walimfuata mjomba. Alikuwa na sauti nzito, ya kutangaza kwamba mwezi umeandama, na alipokuwa akisoma habari za mbuzi aliyepotea ulijikuta unamhurumia mbuzi.

Jina la kwanza alilitunga mwenyewe, na hakutaka ushauri. Watu wengi wa mtaani walikuwa wakiliita dishi ungo, kwa kuwa limefanana na ule wa kupepetea mchele. Mjomba, anayejiona mlinzi wa Kiswahili, akasema sisi si watumwa wa majina ya kizungu. Chaneli itaitwa Ungo. Akamleta mchoraji, akachora ungo mkubwa ukutani kwa rangi ya manjano, na chini yake maneno: Ungo, utakufikisha popote.

Nilimwambia kwamba neno hilo lina wenyewe. Hakuniuliza wenyewe ni nani. Mji mzima unajua kuna watu wanaosafiri kwa ungo bila nauli, wakiwa uchi, na hawashuki kituoni. Mjomba alijua pia, lakini alipolipenda jambo alikuwa kama aliyeziba masikio kwa pamba.

Masika ya kwanza upepo ukavuma, ukalipasua dishi vipande viwili. Mpira ukakatika. Chaneli yetu namba moja ilikuwa haitegemei dishi, kwa hiyo jioni mjomba akakaa kuwaomba wateja radhi. Siku hiyo alikataa nimwandikie, alisema uchungu hauandikiwi. Akaitazama kamera, akashusha pumzi, akasema kwa ile sauti yake:

“Ndugu watazamaji, kwa masikitiko makubwa nawajulisha kwamba leo alfajiri tumevunja ungo. Naomba mtuvumilie. Ni mara yetu ya kwanza.”

Mzee wa ndevu nyeupe, mbele ya Temeke nzima, anatangaza kwamba amevunja ungo. Kamera ilitikisika mpaka watu wakadhani kuna tetemeko. Hakuwa hata amefika kwenye tangazo la maji tuliposikia ngoma nje. Wanawake wa mtaa walikuwa wamekusanyika na vigelegele, mbele yao kungwi mmoja mwenye kiuno cha kuogopwa, wamekuja kumtoa mwali. Walimfuata hadi kwenye rafu za sufuria, wakamtupia khanga kichwani, wakamfunda: sasa umekuwa mtu mzima, acha kucheza na wavulana, jisitiri. Mjomba akawa anasema astaghfirullah huku akitafuta mlango. Na mke wake, mkazamjomba wangu, alitoka jikoni akacheka hadi machozi, kisha akaingia katikati ya duara akacheza. Nalieleza hilo kwa sababu baadaye watu walisema eti hajui utani.

Hapa inabidi nieleze habari za mkazamjomba. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kabatini. Anakuwa Mama Fulani mpaka anazikwa. Yeye hakujaliwa mtoto, na kwa miaka mingi majirani walipata taabu wamwiteje. Wengine walimwita dada, wengine jirani, wengine walikohoa kwanza wakitumaini atageuka. Chaneli ilipopata jina, mtaa mzima ukashusha pumzi. Akawa Mama Ungo.

Mwanzoni aliitikia, tena kwa madaha. Lakini fikiria mwenyewe: mwanamke asiye na mtoto, kwao Tanga, ambako watani wa Dar wanadai kila mtoto anazaliwa na hirizi, halafu anaitwa Mama Ungo. Mwenye kutafuta mchawi ataenda mbali kufanya nini? Mtoto wa nyumba ya tatu akaugua degedege. Alipona, lakini maneno hayakupona. Wakaanza kusema lisemwalo lipo.

Ikaingia Ramadhani. Mkazamjomba alipika mkate wa sinia, akautia kwenye sahani zake nzuri, nikazipeleka kwa majirani kama kila mwaka. Sahani ya jirani hairudi tupu, hiyo kila mtu anaijua, lazima irudi na chochote, hata tambi, hata maembe mawili. Jioni ile sahani ya nyumba ya tatu ikarudi imefunikwa kawa. Akafurahi, akasema wenzetu leo wamewahi. Akafunua. Ulikuwa mkate wake mwenyewe, haujaguswa.

Mimi, kwa kutaka kulipoza, nikasema labda wamekosea sahani. Akaniambia, “Mwanangu, mkate nimeupika mie. Naujua.” Kisha akachukua kisu, akaukata, tukaula wote wawili, kipande kwa kipande, kwa hasira, hadi tukavimbiwa. Nilikuwa na mambo mengi ya kuwafanyia watu wa nyumba ya tatu, mengine yanahusu waya wao wa kebo, na baadhi niliyafanya.

Kabla ya Idi mjomba akamleta tena mchoraji, ungo ukapakwa chokaa. Kwa wateja alisema tunakwenda na wakati. Mimi nilidhani ni ile aibu ya ngoma.

Jina la pili lilitoka kwa fundi wetu wa waya, mtu mzima wa Iringa, mpole, mlokole, asiyejua utani hata ukimwekea kwenye sahani. Alisema wafanyabiashara wakubwa hukata maneno mawili wakayaunganisha. Temeke, Kebo. Chukua mwanzo wa hili na mwanzo wa lile. Mjomba akaandika kwenye karatasi ya kufungia glasi, akalitazama, akalipenda: TEKE. Fupi, lina nguvu, halina uchawi ndani yake. Mchoraji akaandika ukutani kwa herufi nyekundu: Teke, kila nyumba.

Sijui tulifikiri nini. Nadhani tulikuwa tumechoka na ungo kiasi kwamba chochote kingeonekana pambo. Wiki hiyohiyo watu wakaanza kuulizana kama wamekwishapata teke lao la jioni. Mteja akikatiwa waya, kapigwa teke. Mteja akilalamika picha mbaya, wenzake wanamjibu kwamba shukrani ya punda ndiyo hiyo. Vijana walichora punda pembeni ya jina letu, na kusema kweli punda alichorwa vizuri kuliko herufi.

Na mkazamjomba akawa Mama Teke. Alisema heri hili, punda hali watoto wa watu. Tukaishi nalo kwa amani kidogo, hadi alipoteleza bafuni kwenye sabuni akatenguka mkono. Akatembea na bandeji shingoni. Ndiyo basi. Mtaa ukajua teke limeanzia nyumbani.

Mjumbe wa nyumba kumi akaja, amevaa koti jua la saa nane, akakataa chai, halafu akaikubali. Alizunguka sana. Aliuliza afya, akauliza biashara, akauliza kama ndani ya nyumba kuna maelewano. Mjomba, mtu ambaye akimwona mende anamwita mkewe, alikuwa hajaelewa hata kidogo, akajibu kwamba teke linaendelea vizuri na wateja wanazidi kuliomba. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Ilinibidi nirudi jikoni niuume upande wa khanga.

Lakini mkazamjomba hakucheka safari hii. Alimwambia mjumbe, akiwa bado amesimama, kwamba mume wake hajawahi kumnyanyulia hata sauti, na mwenye kusema vinginevyo aje aseme mbele yake. Alimtetea kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. Mjumbe alipoondoka, mjomba alikaa kwenye kiti chake akiyatazama majani ya chai kwenye kikombe. Kisha akasema jina litabadilika tena. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mzee yule hakuwa akihangaikia chaneli. Alikuwa akimtafutia mkewe jina ambalo mtu hawezi kulifanyia ubaya.

Safari ya tatu hakutaka mzaha. Alimleta mtaalamu wa mambo hayo, mama mmoja wa bara aliyejenga Mbweni, mwenye kompyuta ya mapajani na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alikuwa mtu mwema na msikivu. Alituuliza tunataka nini. Mjomba akajibu bila kusita kwamba anataka jina lisilochekesha. Mama wa watu akaandika. Akaja na jina Tazama Sasa.

Tulilijaribu. Mjomba alilisema kwa sauti ya msiba, halafu ya harusi. Fundi alilisema kwa sauti ya Iringa. Mimi nilipewa kazi rasmi ya kulitafutia matusi, kwa kuwa ukoo mzima ulikubaliana kwamba hakuna aliye na akili chafu kunizidi. Nilihangaika nalo, nikaligeuza nyuma mbele, nikaliimba, nikalipeleka kwa shoga zangu wawili ambao ni mabingwa. Hatukupata kitu. Nikarudi nikamwambia mjomba jina ni safi, aliweke. Mkazamjomba akauliza, yeye ataitwaje sasa, Mama Sasa? Akacheka, akasema afadhali, atakuwa hazeeki.

Uzinduzi ukafanywa Kunduchi, kwenye ukumbi wa hoteli moja ya ufukweni, mchana wa Jumapili. Mjomba alikodi Coaster kuwabeba majirani, hata nyumba ya tatu. Kulikuwa na samaki wa kukaanga, juisi ya ukwaju, na mtu wa muziki aliyeambiwa asipige singeli lakini akapiga. Mkazamjomba alikaa kiti cha mbele kabisa, baibui jipya, ushungi wa hariri, udi unanukia hadi kwangu niliyekuwa nyuma ya kamera. Sijawahi kumwona amejipamba vile. Mjomba alizungumza maneno machache, akasema leo tunaanza upya, akavuta kamba, kitambaa kikaanguka.

Sasa, jina zima lilikuwa halienei kwenye pembe ya skrini, kwa hiyo waliotengeneza nembo walilifupisha. Kwenye kompyuta tulionyeshwa viboksi viwili vya rangi, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na herufi zake mbili zenye madoido, nasi tukasifu rangi. Aliyechapa bango aliviweka ubavu kwa ubavu, herufi ndefu kumzidi mtu, nyeupe kwenye buluu. Ta ya Tazama, sa ya Sasa.

TASA.

Yaani mwanamke asiyezaa. Limeandikwa ukuta mzima, na mbele yake ameketi yeye, amejipamba.

Watu wa Temeke hawana dogo, wanacheka hata msibani. Siku ile hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Mama wa Mbweni alipiga makofi peke yake, halafu akalisoma na yeye, mikono ikabaki hewani. Mwenye muziki akazima. Nilisikia watu wakisukuma viti. Nilijichukia, maana mimi ndiye niliyepewa kazi ya kulichunguza, na sikuliona.

Mkazamjomba alilitazama bango kwa muda. Kisha akasimama, akauweka sawa ushungi wake, akanigeukia mimi akasema nifunge samaki waliobaki, wasipotee bure. Akatoka akiwa amenyooka, akawasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja mlangoni.

Nyumbani, mjomba alianza kusema kabla hajavua viatu. Alisema bango litachanwa, atamwambia yule mama, atatafuta jina jingine, hata wiki hii. Mkazamjomba alikuwa akiwapanga samaki kwenye bakuli. Alimwacha amalize. Halafu akasema, taratibu tu, na mimi nikiwa pale pale kwa sababu hakuna aliyeniambia nitoke:

“Mie sina ugomvi na bango. Bango halijanirudishia mkate wangu. Watu ndio waliorudisha, na unawajua kwa majina, na kila jioni unakaa unazungumza nao. Unalijua la kuwaambia. Mie nilikutetea mbele ya mjumbe nimesimama.”

Mjomba alikaa na kiatu kimoja mguuni. Mimi nilidhani anaambiwa awakaripie majirani, nikaanza kumtungia kichwani maneno makali ya kuwapa.

Kesho yake jioni alikaa mbele ya pazia. Kwenye pembe ya skrini hakukuwa na nembo yoyote, fundi alikuwa ameitoa. Nilimpa matangazo, akayaweka magotini. Nikawasha kamera. Akasema:

“Ndugu watazamaji, asalaam alaikum. Kabla ya tangazo la maji ninalo langu. Mke wangu hajamroga mtu. Na mtoto hatukupata kwa sababu yangu. Tulipimwa zamani, tukiwa vijana, tukaambiwa yeye hana tatizo, mwenye tatizo ni mimi. Nilimwomba asiseme. Naye hakusema, hata mlipomwita yote mliyomwita. Mimi nilikuwa nasikia, nikabadilisha jina la chaneli. Namwomba radhi mbele yenu. Sasa, maji yatakatika kesho kuanzia asubuhi.”

Akaendelea hadi mwisho. Kulikuwa na harusi moja na mbuzi wawili. Sauti yake haikutetemeka ila kwenye harusi. Mimi nililia kimya nyuma ya kamera, na picha haikutikisika hata kidogo, sijui niliwezaje. Nilimpenda sana mzee yule dakika ile, na nilikuwa na hasira naye pia, kwa miaka yote aliyomwacha mwenzake abebe mzigo usio wake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sikuthubutu kumwambia.

Jikoni mkazamjomba alikuwa na televisheni ndogo juu ya friji. Nilipoingia nilikuta chai inachemka hadi inamwagika, naye amesimama anaitazama tu. Alizima jiko. Akammiminia mumewe kikombe, akampelekea mwenyewe studio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jina la nne halikutafutwa. Chaneli iliendelea bila jina mpaka ving'amuzi vilipokuja vikatumaliza, kama vilivyowamaliza wengine, na watu waliiita tu kwa Mzee.

Asubuhi iliyofuata lile tangazo, mkazamjomba alikwenda gengeni kununua mchicha. Alichelewa kurudi. Aliporudi nikamfuata jikoni, maana nilikuwa nakufa kwa kutaka kujua. Alinieleza huku akichambua. Walimpisha akae kwenye benchi. Walimshika mikono, wakampa pole, mama wa nyumba ya tatu akalia hadi kamasi. Halafu kungwi, ambaye haogopi kuuliza, akamuuliza kwa nini alikaa kimya miaka yote ile, anaitwa kila jina, na jibu analo mwenyewe mdomoni.

Nikamuuliza na yeye aliwajibu nini. Akang'oa jani bovu, akalitupa.

“Nimewaambia, mwenye chaneli alikuwa yeye.”